Jaribio la Ng'ombe wa Mama Nasieku

Siku mliyonikatia keki, Brayo aliniuliza swali akiwa na krimu kwenye ndevu. "Ole Sufuri, ile test ya ng'ombe inafanyanga nini? Hakuna mtu anajua. Tunaeza itoa?" Nikacheka, nikamwambia nitamweleza. Kisha mtu akanivalisha shuka, mwingine akaanza kuomba, ombi likawa refu, na mimi nikasahau.

Sasa niko nyumbani Kisaju. Kuku wananitazama kama wanaongoja nifanye jambo la maana. Nimegundua kwamba mtu aliyestaafu ana maswali yaleyale aliyokuwa nayo kazini, ila hana tena wa kumsumbua nayo. Basi nitamjibu Brayo kwa maandishi, na wengine mlioingia juzi msome, maana siku moja mtafungua faili ya test hiyo na kudhani aliyeiandika alikuwa mlevi.

Nianze na wale ambao hawatujui. Ofisi yetu ya Kitengela hutengeneza vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye matangi na visima. Kifaa hupima kina cha maji na kuamua kama pampu iwake au izime. Ili fundi yeyote aweze kukipa kifaa amri, tulitunga lugha ndogo ya Kiswahili: kama kina ni hivi, fanya vile, la sivyo fanya hivi. Amri hizo hupitia kwenye kompaila, programu inayosoma maneno ya fundi na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Na kila tunapoigusa kompaila, tunaipa majaribio mengi madogo ambayo majibu yake tunayajua. Jaribio mojawapo linaitwa Ng'ombe wa Mama Nasieku. Jibu lake sahihi si namba. Sisemi kwamba ni neno, la. Jibu lenyewe linaitwa si-namba, na hiyo ndiyo kazi iliyonilisha sehemu kubwa ya utu uzima wangu.

Wanaostaafu hupenda kusema kwamba kipaji kilionekana mapema. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kwamba nilifukuzwa kwa kubishana na mwalimu wa hesabu juu ya kugawanya kwa sufuri. Hadithi hiyo ni nzuri sana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiamini, mpaka ndugu yangu aliponikumbusha mbele ya wageni kwamba niliacha shule kwa sababu lori la mawe lilikuwa linaelekea Kiserian na dereva alikuwa na nafasi mbele. Nilipanda kuona mawe yanakotoka. Nikayaona. Ni mawe tu.

Baada ya hapo nilivunja kokoto, nikachomelea mageti, nikatengeneza redio Kajiado mjini, nikalisha mbuni kwenye shamba moja karibu na Kitengela mpaka mbuni mmoja akaamua kwamba kazi hiyo hainifai. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Mama yangu aliita hiyo tabia ugonjwa. Sikuwahi kupata jina bora.

Kwenye ofisi yetu niliingia kwa mlango wa paa. Niliitwa kurekebisha antena juu ya duka la dawa za mifugo, na nilipokuwa nashuka nikamkuta mwanamke mmoja ghorofani akibishana na kompyuta kwa Kijaluo. Huyo ndiye Madam Akinyi. Nyinyi mmemjua akiwa bosi. Mimi nilimjua akiwa na flaski moja, kikombe kimoja, na lugha aliyokuwa anaijenga peke yake. Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza vizuri kabisa, kama mtu ambaye hajaulizwa kwa muda mrefu.

"Na mtu akigawanya kwa sufuri?" nikauliza.

"Nani atagawanya kwa sufuri?"

"Mtu kama mimi."

Akaandika, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Akaitazama, akanitazama mimi na nyaya zangu begani.

"Uliza ingine."

Niliuliza nyingine na nyingine, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumeiua kompaila yake kwa njia ambazo hakuwa amezifikiria. Akasema nirudi kesho. Cheo changu cha kwanza, ambacho hakikuandikwa popote, kilikuwa kuuliza maswali ambayo mtu mwenye akili timamu hangeuliza. Sikuhitaji mafunzo.

Vifaa vyangu vilikuwa kikokotoo cha jua chenye kioo kilichopasuka na spana namba kumi na tatu niliyotoka nayo kwenye uchomeleaji. Kikokotoo kilikuwa cha kuhakikisha majibu. Spana ilinifanya nijihisi fundi.

Madam alinifundisha namba za ajabu moja moja. Isiyo na mwisho niliikubali mara moja, nilishawahi kungoja dereva aliyesema "niko hapa karibu." Iliyonishinda ilikuwa sufuri ya kutoa. Mashine zina sufuri mbili, ya kawaida na yenye alama ya kutoa mbele yake, na ukilinganisha hizo mbili utaambiwa ni sawa. Nilikataa.

"Sufuri ni sufuri, madam."

"Lori limesimama. Lilikuwa linaenda mbele ama linarudi nyuma?"

"Si limesimama?"

"Simama nyuma yake basi, ukiwa huna haja ya kujua."

Nikakubali. Sufuri ya kutoa ni sufuri inayokumbuka ilikotoka. Kompaila ikiipoteza alama hiyo, kuna hesabu huko mbele zitakazogeuka kichwa chini. Mtoto wa Brayo akizaliwa nitamweleza hivyo hivyo, kwa lori.

Kisha tukafika kwa si-namba. Hiyo ndiyo mashine hujibu ukigawanya sufuri kwa sufuri, au waya wa kipimo ukikatika na kifaa kikakosa cha kusoma. Ina tabia mbili. Ya kwanza, inaambukiza: ukijumlisha chochote nayo, unapata si-namba, kama tone la mafuta ya taa lilivyo ndani ya maziwa. Ya pili, ukiilinganisha na chochote, jibu ni la. Je, ni kubwa kuliko mbili? La. Ni ndogo kuliko mbili? La. Ni sawa na mbili? La. Ni sawa na yenyewe?

"La," alisema Madam Akinyi.

"Haiwezekani."

"Unajua watu wangapi wako soko ya Kiserian saa hii?"

"Sijui."

"Na Kajiado?"

"Sijui."

"Hizo sijui zako mbili, ziko sawa?"

Nilienda nyumbani na swali hilo na nikaunguza ugali, kitu ambacho nilikuwa nadhani hakiwezekani.

Kazi kubwa ya kwanza tuliyofunga kwa lugha yetu ilikuwa Ewuaso Kedong. Pale watu walikuwa na tangi la zege lililochimbiwa chini ya ardhi, linalojazwa na kisima, na pampu ya kupandisha maji kutoka tangini hadi kwenye mabirika ya ng'ombe. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Nasieku, mama mrefu, muumini wa kanisa, mwenye sauti ya kuita mifugo iliyo ng'ambo ya bonde. Alikuwa amewashawishi wenzake wakubali mashine, na wazee kadhaa walikubali kwa sharti kwamba siku ikiharibika watamkumbusha yeye, si mashine.

Alinisimamia nikiandika amri. "Andika maneno watu wanajua," akasema. Basi niliandika kwamba kina kikizidi futi mbili, skrini iseme MAJI YAPO na pampu iwake. La sivyo iseme HAKUNA na pampu ikatae, isije ikaungua kwa kuvuta hewa. Na juu ya hayo yote nikaweka mstari niliojivunia: kama kina si sawa na kina, sema SIJUI, na umwachie mtu aamue.

Mama Nasieku akasoma. "Kama kina si sawa na kina?"

"Ndiyo, Mama."

"Kina na kina?"

"Ni njia ya kujua kama waya umekatika. Namba isiyojulikana haiwi sawa na..."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaita wenzake waje wamwone mtu wa Kitengela anayeuliza kama kitu ni kile kitu. Kwa muda mrefu baadaye nikifika kule walikuwa wananisalimia hivyo: "Sopa! Wewe ni wewe?"

Sasa sikilizeni hapa, maana jaribio linatokea hapa. Vifaa vyetu vya wakati ule vilikuwa na kumbukumbu ndogo sana. Madam Akinyi akaongeza kwenye kompaila kanuni za kupunguza maneno. Ukizidisha kitu kwa moja, kanuni inaiondoa hiyo moja. Ukiuliza kama kitu ni sawa na chenyewe, kanuni inaandika ndiyo na kulifuta swali. Programu zikawa fupi, sote tukafurahi, nami nikapiga makofi kuliko wote. Nikazunguka na laptop nikiviwekea vifaa toleo jipya, kile cha Ewuaso Kedong kikiwemo. Mnaona kilichotokea. Kompaila ilikuwa imesoma mstari wangu na kufanya kama Mama Nasieku. Iliucheka. Kisha ikaufuta.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Asubuhi moja Mama Nasieku akanipigia simu.

"Mashine yako inasema HAKUNA."

"Basi maji yameisha, Mama. Pole sana."

"Jana yalikuwa mengi. Tangi halinywi maji yenyewe." Sauti yake ya kuita ng'ombe haikuwepo. "Wazee wameamua. Jua likipoa wanapeleka ng'ombe juu, upande wa Kiserian, watafute maji huko. Mlima wote ule. Wangu wamekonda, hawatafika. Na sanduku la pampu mmefunga na kufuli yenu. Njoo uniambie ukweli. Maji iko ama haiko?"

Nikachukua pikipiki ya ofisi na ufunguo. Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri, na kabla ya Kiserian nilikuwa nimeelewa kila kitu. Waya umekatika, kina kimekuwa si-namba, mstari wa SIJUI haupo, kwa hivyo mashine imeenda kwenye swali linalofuata. Je, kina kimezidi futi mbili? La. La sivyo: HAKUNA. Mashine haikuwa na habari yoyote kuhusu maji, lakini ilikuwa imefundishwa kusema HAKUNA, nayo ikasema kwa herufi kubwa. Nilifurahi sana kuelewa. Niliendesha nikitabasamu kwa nzi. Nilikuwa karibu kufika ndipo likanijia kwamba kuelewa huko hakukuwa kumeongeza hata tone moja kwenye tangi.

Ng'ombe walikuwa wamekusanywa tayari, mbavu zao zikihesabika kwa macho. Nilimsalimu Mama Nasieku. "Takwenya." "Iko," akaitikia salamu kwa Kimaasai, bila kucheka. Kando yake alisimama Baba Sankale, mmoja wa wale wazee wa sharti, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake.

Nikaenda moja kwa moja kwenye waya. Mbuzi walikuwa wameutafuna vizuri, kwa utaratibu, kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

"Mnaona?" nikasema, nikiuinua. "Mashine haikumaanisha hakuna. Mashine haijui."

"Kwa hivyo maji iko," akasema Baba Sankale.

"Sikusema iko."

"Basi haiko."

"Sikusema haiko pia."

Akamgeukia Mama Nasieku. "Huyu ametoka Kitengela na pikipiki, amemaliza petroli, kuja kutuambia hajui. Hata mimi sijui, na nilikuwa hapa hapa."

"Mzee, kuna tofauti kati ya hakuna na sijui."

"Mwambie huyo," akasema, akimwonyesha kwa kidevu ng'ombe wa karibu. "Mwambie hiyo tofauti, nione kama atakunywa."

Watu wakacheka, na nilistahili. Lakini Mama Nasieku hakucheka. Akasema polepole, "Hapana, Baba Sankale. Kama ni hakuna, tunaenda. Kama ni sijui, tunaangalia." Akanigeukia. "Tunaangalia aje?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimezibwa kwa zege ili watoto na wanyama wasianguke. Mahali pekee pa wazi palikuwa bomba ambamo waya wa kipimo hushukia, na bomba lenyewe lina kona karibu na juu, huwezi kuona ndani. Ningeweza kuwasha pampu kwa mkono nijaribu, lakini ikiwa tangi ni tupu pampu ingeungua, na mvua ikija na kisima kikijaa hawangekuwa na cha kuvutia maji. Nilihitaji kamba yenye uzito. Kamba walikuwa nayo. Uzito nilikuwa nao mfukoni, ile spana yangu.

Nikaifunga. Niseme wazi kwamba nimechomelea mageti yanayosimama hadi leo, nimefunga antena ambazo upepo wa Athi haujaziweza, lakini fundo sijawahi kulijua. Kila mtu wa Ewuaso Kedong ameanza kufunga ndama kabla ya kuota meno, na wote walikuwa wananitazama nikifunga spana.

"Hiyo itafunguka," akasema Baba Sankale.

"Haifunguki."

Nikaishusha. Ikapita kona. Kamba ikawa nyepesi ghafla mkononi mwangu, kama simu iliyokatwa. Nilipata nafasi ya kumtazama Baba Sankale usoni, naye ya kunitazama mimi.

Kisha chini kabisa, kupitia bomba, tukaisikia sote. Chubwi.

Haikuwa ile sauti ya chuma kugonga zege. Ilikuwa sauti nene, ya kitu kilichomezwa na maji mengi na kuendelea kuzama. Mama Nasieku alikuwa amefumba macho.

"Rudia," akasema Baba Sankale.

"Sina nyingine."

Akachukua kamba mkononi mwangu bila kuniuliza, akafunga jiwe kwa fundo ambalo sikuweza kulifuata kwa macho, akashusha, akapandisha. Kamba ilikuwa imelowa zaidi ya urefu wake yeye. Akaipitisha kidoleni, akaonja kidole, sijui kwa nini. Kisha akashusha fimbo mabegani na kuwapigia mluzi waliokuwa mbele ya ng'ombe. Nikafungua kufuli, nikawasha pampu kwa mkono. Maji yalipofika kwenye mabirika ng'ombe hawakungoja mtu awaambie tofauti yoyote.

Niliporudi ofisini nilimsimulia Madam Akinyi kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akaifuta ile kanuni yake. Baadaye akafanya jambo ambalo mpaka leo ndilo linatutofautisha na wengine: akaibadilisha lugha yenyewe. Kitu kikitoka kwenye kipimo, kompaila haikubali uandike "kama" na "la sivyo" peke yake. Inadai na "kama hujui." Mafundi walilalamika kwamba tunawafanya waandike sana. Mimi niliwajibu kwa barua pepe ndefu zenye ng'ombe ndani.

Halafu tukahitaji jaribio la kuzuia ile kanuni iliyofutwa isirudi. Nilitaka liwe na namba za kweli: maji yaliyotoka tangini siku ile, gawanya kwa ng'ombe waliokunywa. Maji nilijua kwa mita ya pampu. Nikampigia Mama Nasieku.

"Mama, siku ile walikunywa ng'ombe wangapi?"

"Wewe si ni wa Kisaju?"

"Ni wa Kisaju."

"Na mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Na hajakufundisha hauulizi hivyo?"

Nikashikwa na aibu hadi kwenye masikio. Nilikuwa nimekulia pale pale, najua kwamba ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, kwamba kuwataja kwa idadi ni kama kuwaitia mabaya. Miaka ya kukaa na kompyuta ilikuwa imenifanya nimuulize mama wa watu kitu ambacho hata mbuzi waliokula waya hawangemuuliza.

"Samahani, Mama. Nilitaka tu kujua kama walikunywa wote."

"Walikunywa wote." Sauti ilikuwa imerudi, ile ya ng'ambo ya bonde. "Niliwaangalia jioni wakiingia. Kila mmoja nilimwona. Hakuna mwenye alibaki nyuma."

"Kwa hivyo niandike nini?"

"Andika hujui. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika hivyo, na mahali pa idadi nikaweka si-namba, ili kompaila ikirudia kufuta SIJUI jibu litoke namba. Maji, gawanya kwa ng'ombe wa Mama Nasieku. Wapo wote, kila mmoja anajulikana kwa sura na rangi na tabia, na si namba. Jibu: si-namba. Madam Akinyi alilisoma jaribio, akanimiminia chai kwenye kile kikombe chake kimoja, na hakubadilisha herufi.

Kwa hivyo, Brayo, usilitoe. Mtakuja na kompaila mpya, yenye kasi, yenye akili, na siku moja itasema imekuonea huruma na kukufupishia mambo. Endesha jaribio la ng'ombe kwanza. Likijibu si-namba, endelea na kazi yako. Likijibu namba yoyote, hata iwe nzuri namna gani, zima kila kitu, chukua pikipiki, uende Ewuaso Kedong ukaangalie maji. Beba spana. Yangu bado iko ndani ya tangi. Na fundo, mwachie mtu wa pale akufungie.